Ukichukuliwa kazi ya kura kituoni: siku yenyewe inaendaje na ufanye nini

Kila uchaguzi wa Kenya ukinukia simu yangu inajaa maswali yale yale. Karani anafanya nini hasa? Nivae nini? Ajenti akianza fujo je? Mashine ikikataa kidole cha mzee wa watu namrudisha nyumbani? Nimekaa kituoni mara mbili, 2017 nikiwa karani kwenye darasa moja la shule ya msingi huku Kwale, na 2022 nikiwa naibu wa msimamizi wa kituo, na kwa vile uchaguzi mkuu mwingine uko Jumanne tarehe 10 Agosti 2027 na najua vijana wengi watapeleka maombi, basi nimeandika mara moja, anayeuliza namtumia hii.

Nianze na kitu ambacho hakuna aliyeniambia mimi. Wageni wote huogopa asubuhi, umati pale getini, kelele, mashine. Asubuhi hata ikiwa mbaya inapita. Kituo huharibikia saa tano usiku, watu wamechoka, tumbo liko tupu, taa ya solar inafifia, na kuna mtu anajumlisha namba kwenye fomu huku macho yanafumba. Kwa hivyo nikikwambia kula au keti dakika kumi sikuambii uzembe, nakuwekea nguvu za usiku.

Nani ni nani

Kituo kimoja hakipiti wapigakura 700, wakizidi kinagawanywa, ndio maana shule moja unaona darasa hili ni kituo 1 lile kituo 2. Mkubwa wa darasa ni msimamizi wa kituo, wote tunamwita PO (presiding officer). Halafu kuna naibu wake, halafu makarani: wa foleni, wa kutambua watu kwa mashine, wa kutoa karatasi, wa masanduku, wa wino. Polisi wapo kwa ulinzi lakini ndani ya kituo anayeamua ni PO, hata afande akiwa na nyota mbili begani. Maajenti wanawakilisha wagombea na vyama, waangalizi wanaangalia na kuandika, waandishi wa habari wanaingia wakiwa na kibali. Mgombea mwenyewe anaweza kuja kuchungulia, msalimie kwa heshima kama mtu mwingine na uendelee na kazi yako, usimsimamie kama askari wa gwaride.

Vitu vya kuwa navyo kabla

Vya tume ya uchaguzi vitakuja na PO: masanduku sita, vitabu vya karatasi za kura, lakiri za plastiki (wengi tunaita sili tu), wino, muhuri, mashine ya KIEMS (ile ya kutambua wapigakura kwa kidole) na betri zake, daftari la kituo, fomu, bahasha. Vyako mwenyewe ni hivi:

- Barua yako ya kazi, kitambulisho, na uwe umeshakula kiapo cha kutunza siri. Bila kiapo hukai kwenye ile meza.
- Kalamu tatu za wino wa bluu au mweusi. Tatu, kwa sababu moja ataazima ajenti na hutaiona tena.
- Kalkuleta ndogo. Ya simu usiitegemee, maana simu tunazima au tunaweka kimya.
- Tochi, selotepu (utanishukuru usiku), makasi.
- Maji na chakula kisichochacha: viazi vya kuchemsha, mandazi, ndizi, njugu. Usitegemee kibanda cha nje.
- Sweta au leso ya kujifunika, hata huku pwani alfajiri ina baridi yake ukiwa hujalala.
- Dawa zako kama unatumia dawa.

Nguo: vaa rangi ambazo hazifanani na chama chochote cha eneo lenu. Kofia, kitenge, hata mfuniko wa simu, angalia. Mwenzetu mmoja alikuja na fulana tu ya timu yake ya mpira lakini rangi ikawa ya chama, maajenti wakamkalia kooni mpaka akaivaa ndani nje.

Hatua kwa hatua

1. Fika mapema kupita kiasi. Kura inaanza saa kumi na mbili asubuhi, wewe saa kumi alfajiri uwe ndani. PO na vifaa mara nyingi wanalala pale pale shuleni na polisi. Ukisema unakaa karibu utatoka saa kumi na moja, ndio siku bodaboda hazipatikani.

2. Pangeni darasa. Mtu aingie mlango mmoja, apite kwenye mashine, achukue karatasi, aende kibandani, atumbukize, apakwe wino, atoke, na asirudi nyuma hata hatua moja. Vibanda msivigeuzie dirisha wala mgongo wa ajenti. Hapa kosa la kawaida ni kuweka kibanda chini ya dirisha ili mpigakura apate mwanga, kumbe aliye nje anaona kila kitu. Futeni ubao pia, na bandueni mabango ya wagombea yaliyobandikwa ukutani.

3. Onyesha masanduku matupu. Yainue, yapindue, kila ajenti na mwangalizi aone ndani kweupe, kisha yafungeni kwa lakiri na msome namba za lakiri kwa sauti, ziandikwe kwenye daftari la kituo. Ajenti akitaka kuzinakili mwache anakili, tena mwambie anakili. Namba hizi ndizo zitawaokoa jioni mtu akidai sanduku lilibadilishwa. Kifuniko cha kila sanduku kina rangi yake inayolingana na karatasi: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, mwakilishi wadi.

4. Fungua kwa wakati. Mkichelewa kwa sababu yoyote PO aandike saa kamili mliyofungua na sababu, kwa sababu muda uliopotea unafidiwa jioni, na bila maandishi mtagombana saa kumi na moja.

5. Karani wa foleni, kazi yako ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wewe ndio sura ya kituo. Wazee, wajawazito, wenye watoto mgongoni, wagonjwa na watu wenye ulemavu wanapita mbele, na usingoje waombe, tembea kwenye foleni uwatoe mwenyewe. Sema kwa sauti, "Mabibi na mabwana, tumpishe nyanya," na sijaona watu wakikataa. Angalia pia mtu yuko kwenye kituo chake, maana shule ina vituo vinne na mtu anasimama masaa matatu kwenye foleni ya alfabeti isiyo yake kisha anaambiwa hayupo. Hasira zake hapo usimlaumu.

6. Kutambua mpigakura. Anatoa kitambulisho halisi au pasipoti, ile aliyojiandikishia. Kopi haikubaliki, picha kwenye simu pia. Anaweka kidole kwenye KIEMS, sura na jina vinatokea, unalinganisha. Kidole kikigoma mfute jasho, jaribu kidole kingine, jaribu mkono mwingine. Wavuvi, watu wa kilimo na mafundi wa mawe vidole vyao vimelika, si wezi wa kura, kwa hivyo usimtazame mtu kama mshukiwa mbele ya watu. Ikikataa kabisa mnamtafuta kwa namba ya kitambulisho, maajenti wakiona, na PO anajaza Fomu 32A. Fomu hii ndiyo watu hupenda kuiruka kwa sababu foleni ni ndefu. Usiiruke.

7. Kutoa karatasi. Chana kila karatasi kutoka kwenye kitabu chake, kishina kibaki. Hesabu sita. Mwonyeshe namna ya kuikunja na umwambie alama moja tu kwa kila karatasi, basi. Akikuuliza "sasa huyu wa rangi hii ndio nani?" unamjibu ni karatasi ya kiti gani, humtajii mgombea, hata kama ni shangazi yako na unajua anamtaka nani.

8. Anayehitaji msaada. Kipofu, asiyejua kusoma au asiyeweza kushika kalamu anaruhusiwa kuja na mtu anayemwamini, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na huyo msaidizi anajaza fomu ya kiapo cha siri. Msaidizi mmoja anasaidia mtu mmoja. Ukiona kijana yule yule analeta bibi wa tatu, msimamishe. Mgombea au ajenti haruhusiwi kuwa msaidizi. Asiye na mtu anasaidiwa na PO mbele ya maajenti, na hapo PO anaongea kwa sauti ya kawaida bila kumsukuma mtu upande wowote.

9. Karatasi iliyoharibika. Mtu akikosea kuweka alama kabla hajatumbukiza, anairudisha, PO anaifuta, anaiweka kwenye bahasha ya zilizoharibika na anapewa nyingine. Usichanganye "iliyoharibika" na "iliyokataliwa". Iliyoharibika haikuingia sandukuni. Iliyokataliwa ilitoka sandukuni na haikubaliki wakati wa kuhesabu. Ukizichanganya kwenye fomu hesabu zote zinapinda na utatafuta kosa mpaka jogoo awike.

10. Karani wa masanduku, simama, usikae. Elekeza rangi kwa rangi. Mtu mwenye karatasi sita mkononi na watu hamsini nyuma yake hutumbukiza popote, na hutafurahi usiku ukiikuta ya gavana kwenye sanduku la seneta. Wa wino naye asisahau kidole. Mtu akitoka bila wino, kesho asubuhi picha yake iko kila mahali.

11. Kula kwa zamu. Kati ya saa saba na saa tisa mchana foleni mara nyingi hupungua. Hapo naibu amshikie PO, makarani wapokezane, kila mmoja apate robo saa. Chakula chako mwenyewe. Chai inayoletwa na mtu wa mgombea, hata ikiwa chai kweli na maandazi kweli, irudishe kwa upole, mwambie "ahsante mama, tumeshakunywa." Wakati huo PO ahesabu vishina vilivyotumika alinganishe na idadi kwenye mashine. Tofauti ukiigundua saa nane mchana ni rahisi kuifuata, usiku haifuatiki.

12. Kufunga. Saa kumi na moja jioni (au baadaye kama mlifidia) karani wa foleni anasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Aliye kwenye foleni wakati huo atapiga kura hata ikifika saa mbili usiku, anayekuja nyuma yake hapana. Mkimaliza, ziba tundu la kila sanduku kwa lakiri, andika namba, hesabu karatasi zisizotumika na uzifunge.

13. Kuhesabu. Sasa ndio ile saa niliyokwambia. Kunyweni maji, fungeni mlango, maajenti wakae mahali wanaona. Mnaanza na rais. PO anafungua karatasi moja moja, anasoma jina kwa sauti, anaionyesha kwa maajenti, kisha inawekwa kwenye fungu lake. Moja moja jamani, hakuna kushika tano pamoja ati tuwahi. Isiyo na alama, yenye alama kwa watu wawili, au ambayo huwezi kujua imekusudiwa nani, hiyo inakataliwa. Ajenti akipinga karatasi kukataliwa unaandika kwamba amepinga, inawekwa kando, mnaendelea. Sio mahali pa mdahalo. Ajenti akiomba kura zihesabiwe tena ana haki hiyo, lakini mwisho ni mara mbili.

14. Hesabu ziongee kabla ya kuandika. Fanyeni kwenye karatasi ya kawaida kwanza. Tuseme mlipokea karatasi 650 za rais. Vishina vinaonyesha zimetoka 441. Tatu ziliharibika zikarudishwa, kwa hivyo sandukuni mnatarajia 438. Mkazikuta 438: halali 432, zilizokataliwa 6. Zisizotumika 209. Jumlisha 438, 3 na 209 inarudi 650. Na KIEMS nayo iwe imetambua watu 438 ukiweka pamoja na wale wa Fomu 32A. Ikiwa sandukuni ni 437, huenda mtu aliondoka na karatasi mfukoni, andika hivyo. Ikiwa ni 440, simama hapo hapo, hakuna kujaza fomu, rudini mwanzo.

15. Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo. Ajaze mtu mmoja, asome mwingine, athibitishe wa tatu. Andika 1 isifanane na 7. Ukikosea kata kwa mstari mmoja, andika sahihi pembeni na PO atie sahihi yake pale, usipake kalamu juu ya kalamu mpaka namba iwe kama mdudu. Kisha jina, sahihi, muhuri. Baada ya uchaguzi wa 2017 kesi ilifika Mahakama ya Juu na ushindi wa rais ukafutwa tarehe 1 Septemba, na fomu zilipokaguliwa pale kortini kukaonekana zisizo na muhuri na zisizo na sahihi. Mwaka 2022 picha za fomu 34A ziliwekwa wazi kila mtu azifungue, maana yake mwandiko wako wa saa sita usiku nchi nzima inausoma ikinywa chai.

16. Maajenti watie sahihi na kila mmoja apewe nakala. Anayekataa kusaini anaandika sababu yake, asipoandika PO aandike kwamba amekataa. Kukosekana kwa sahihi yake hakufuti matokeo, kwa hivyo hakuna haja ya kumbembeleza wala kumtisha.

17. Tangaza kwa sauti, bandika nakala mlangoni (hapa ndio ile selotepu), piga picha ya fomu kwa KIEMS na uitume. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo yaliyotangazwa huku chini ni ya mwisho, aliye Nairobi hana ruhusa ya kuyabadilisha, kwa hivyo usitume kitu ambacho hujakisoma mara mbili. Kisha mnarudia yote kwa viti vitano vilivyobaki, na ndio unaelewa kwa nini nilisema uje na viazi.

Mambo ya kutofanya, hata ukishawishiwa

Usipige picha ya karatasi ya mtu. Usiseme "huku kwetu mheshimiwa ameshinda tayari" kwenye simu saa tisa mchana, hata kwa mkeo au mumeo. Usimwachie mtu muhuri hata dakika moja ukienda chooni, mpe naibu mkononi. Usisaini fomu tupu ati itajazwa baadaye, hata aliyekuomba ni mkubwa wako na ameomba kwa lugha tamu. Kuna Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 na inawagusa wafanyakazi wa kituo pia, ukishikwa unasimama kizimbani peke yako, yule aliyekutuma hutamwona.

Mambo yakienda mrama

*Mashine imezima.* Badilisha betri kwanza, wengi wanapiga kelele kabla ya kujaribu hilo. Ikikataa, PO ampigie msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge alete ya akiba, na atangaze kwa foleni kinachoendelea. Foleni isiyoambiwa kitu hujitungia habari yake. Andika saa ya kuzima na saa ya kurudi.

*Ajenti mlevi au mwenye fujo.* Mwonye mara moja mbele ya wenzake. Akirudia PO anaamuru atoke, polisi wanamsindikiza, inaandikwa daftarini, na chama au mgombea wake anaarifiwa alete mwingine. Wewe karani usijibizane naye, hata akitukana ukoo wako.

*Maajenti wawili wa mgombea mmoja.* Anaingia mmoja kwa wakati mmoja. Waambie wapokezane nje.

*Mtu hana jina.* Angalia vituo vya jirani kabla ya kumwambia hapana. Kama kweli hayupo, mweleze kwa faragha na kwa lugha ya adabu, na PO aandike.

*Mtu ana wino tayari na anataka kupiga kura.* Mashine itaonyesha kama ameshatambuliwa. Asilazimishe, asipigwe, mwite PO.

*Hakuna mtandao wa kutuma fomu.* Si jambo geni, 2017 tume yenyewe ilitaja vituo zaidi ya 11,000 visivyokuwa na 3G. Mnabandika mlangoni kwanza, mnagawa nakala, kisha PO na polisi, na ajenti anayetaka, wanasafiri na mashine mpaka penye mtandao au moja kwa moja hadi kituo cha kujumlisha. Usimpe mtu wa bodaboda aipeleke. Nacheka lakini nimewahi kusikia mtu akipendekeza.

*Umesinzia ukijumlisha.* Sema. Mimi 2022 nilisoma 63 nikaandika 36, ajenti wa upande ulioshindwa ndiye aliyenisahihisha, tukakata, PO akasaini pembeni, nikaenda kunawa uso bombani na kazi yangu ya unaibu ikashikwa na karani kwa dakika kumi. Hakuna aliyenidharau.

*Mmefika kituo cha kujumlisha na kuna foleni ya maPO hadi nje.* Kaa na vifaa vyako, usiviache chini ya mti ukaenda kutafuta chai. Ukifika mezani kabidhi fomu halisi mkononi, kisha masanduku, mashine, bahasha, kimoja kimoja kwenye orodha, na usiondoke mpaka upate sahihi ya aliyepokea. Nakala yako weka nyumbani mahali pakavu, mbali na watoto, mpaka kesi zote za eneo lenu ziishe.